Senti Yenye Tundu

Sitaki kuambiwa nitulie. Wiki ile nzima kila aliyefungua mdomo aliniambia nitulie. Nesi aliniambia, jirani aliniambia, mwanangu Abubaker aliniambia kwa simu kutoka Kotido, huko aliko na bunduki ya serikali. Mkwe wangu naye aliniambia, tena kwa sauti ya chini kuliko wote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilikuwa na hasira na bado ninazo. Tofauti ni kwamba siku zile nilijua wa kumkasirikia.

Mimi ni Ruqaiya, mjane wa Sajini Abudu wa polisi, Mnubi kwa baba na kwa mama. Naishi Kyebando, vyumba viwili na ua tunaotumia pamoja na majirani, mimi na mke wa mwanangu na mjukuu wangu Jibril, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Mke wa mwanangu anaitwa Akidi. Ni Mwacholi, mtu wa kanisa, Jumapili haikosi. Abubaker alipomleta nyumbani sikusema neno. Waulizeni majirani, watawaambia sikusema neno, ingawa uso wangu huenda ulisema.

Akidi, au Mama Jibril kama tunavyomwita, ni askari wa kampuni ya ulinzi. Analinda geti la nyumba za ghorofa kule Bugolobi, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kazi yake ni kupapasa watu. Ukifika pale unaambiwa uinue mikono, anakupapasa mabegani, kiunoni, mpaka miguuni, kisha anakufungua mkoba. Ukiwa na kitu kisichoruhusiwa anakiweka mezani na kukwambia utakichukua ukitoka. Nilipoisikia kazi hiyo mara ya kwanza nilicheka. Nilimwambia Abubaker, "Umetuolea mtu anashika watu viuno kwa mshahara?" Abubaker hakucheka.

Basi mchana kutwa Jibril alikuwa wangu. Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi, nguo zake nilizifua mimi. Na kwa kuwa alikuwa wangu, niliona ni haki yangu kumlinda.

Katika nyumba yetu kuna sarafu moja ya zamani za Mwingereza, senti moja ya shaba, nyekundu nyekundu, yenye tundu katikati, ndogo kuliko kizibo cha soda. Baba mkwe wangu aliitia uzi akaivaa shingoni alipopelekwa vitani Burma, akarudi na viungo vyake vyote. Akamvalisha mwanawe Abudu. Abudu akamvalisha Abubaker. Ilipita kwa watoto saba wa ukoo huu na hakuna hata mmoja tuliyemzika. Jicho la watu lipo, na mtoto mzuri kama Jibril huangaliwa sana. Siku arobaini zake zilipotimia, nilitoa ile senti sandukuni na kuifunga mguuni kwake kwa uzi mweusi.

Mama yake alirudi jioni, akaiona, akachukua wembe akakata uzi. Hakupiga kelele. Aliiweka senti dirishani, kando ya tasbihi yangu, akasema, "Mama, samahani. Mtoto yangu mimi naombea. Kitu ya kufunga sitaki."

Samahani! Ananikatia urithi wa mume wangu kwa wembe halafu ananiambia samahani. Nilikasirika hivi kwamba chakula cha jioni hakikupita. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na msichana wa juzi. Nilingoja. Miezi ilipita, mtoto akaanza kutambaa, akaanza kusimama, na wanawake wa uani wakaanza kumsifia kila mmoja kwa kinywa chake: mtoto mnene huyo, mtoto mweupe wa macho. Sikuweza kuvumilia tena. Siku moja mama yake alipokwenda kazini, nilichukua sweta ya kijani ya Jibril, ile yenye kola, nikafumua mshono wa kola kidogo, nikaitumbukiza senti ndani, nikashona. Macho yangu si ya zamani, sindano inanichoma vidole, lakini nilishona. Ukiitazama sweta huoni kitu. Na kwa kuwa nguo nafua mimi, nani angejua?

Ilikaa humo wiki tatu. Nilikuwa nikimbeba nagusa kola kwa kidole, naisikia ipo, roho inatulia.

Jumanne moja jioni nikamvua sweta nifue. Kola ilikuwa wazi. Uzi ulining'inia, kitambaa kimelowa mate, na ndani hamna kitu. Nilikung'uta kitanda, nikafagia chini ya kabati, nikapekua beseni la nguo chafu. Hakuna. Nikaketi chini, na palepale nikajua. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mama yake ndiye aliyemvalisha sweta kabla ya kwenda kazini. Nani mwingine mwenye vidole vya kugundua kitu kilichofichwa ndani ya nguo? Si ndiyo kazi anayolipwa? Aliipapasa, akaipata, akaitupa kwenye mtaro wa Kyebando, halafu akaenda zake Bugolobi na uso wake mkavu.

Sikumuuliza. Ningemuulizaje? Kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba niliishona. Nikamngoja aseme yeye. Alirudi, akanisalimia, akavua buti, akamlisha mtoto posho, ugali wa mahindi, na maharage. Kijiko cha pili tu, Jibril akatoa macho, akatapika kila kitu juu ya mapaja ya mama yake. Mama akamfuta, akangoja, akajaribu tena. Akatapika tena.

Nilisimama mlangoni nikimtazama yule mwanamke, nikasema moyoni: umeona sasa? Umetupa kinga ya mtoto, na jicho halikungoja hata siku moja.

Jumatano akatapika. Uji mzito ulirudi, ndizi iliyopondwa ilirudi, kisra, mkate wetu mwembamba, niliyoilainisha kwenye mchuzi wa bamia ilirudi. Tulimpeleka kliniki ya pale karibu. Wakamchoma kidole, kipimo kikasema hana malaria, wakatupa dawa ya malaria. Niliuliza kwa nini. Msichana wa dawa akaniambia vipimo wakati mwingine hukosea. Nikamwambia basi mnapimia nini, acheni kuchoma watoto wa watu, mtubebeshe tu chupa. Akaniambia nitulie.

Alhamisi akatapika. Mate yalimtoka mfululizo, kifua kikalowa. Kila nilipomfunga kitambaa kipya kililowa kabla sijamaliza kupika chai. Hakuwa na homa na tumbo halikuharisha. Alikuwa na njaa, na hilo ndilo lilinichoma. Alikuwa akifungua mdomo mwenyewe, anashika mkono wangu wenye kijiko, anavuta, anameza, halafu uso unabadilika na yote yanarudi. Mama yake akaenda kazini, kwa sababu kampuni ile ukikosa siku mbili unakuta mwenzako amevaa sare yako. Nilimwona akivaa kofia yake nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kuna watu wana roho ngumu." Alisimama kidogo. Halafu akaenda.

Ijumaa ndipo Vera alipokuja. Vera anakaa chumba cha pili kutoka kwetu, anauza nguo za mitumba, na hakuna ugonjwa usio na dawa yake. Alimtazama Jibril, akamfungua mdomo kwa kidole bila hata kunawa, akapiga ulimi. "Banange, Hajati, hii si malaria. Hii ni ebiino. Meno ya uongo. Ona mate! Kuna mama iko Kasubi anatoa, dakika tano tu, mtoto anakura jioni."

Nawaambia ukweli, mimi naamini mengi, lakini hilo siamini. Nilikuwa kambini na mume wangu wakati mtoto wa koplo mmoja alipong'olewa ebiino. Walimpasua ufizi kwa spoki ya baiskeli, wakatoa vijino vichanga vyeupe ambavyo Mungu alikuwa hajamaliza kuvifanya, wakasema tazameni, hawa ndio wadudu. Mtoto yule tulimwosha na kumzika siku ya nne. Nilishika ufagio. Nilimfukuza Vera mpaka mlangoni kwake, na ndala yake moja ikabaki uani, nikairusha juu ya paa. Watu wakatoka kutazama. Vera alikuwa akisema, "Hajati, tulia, mimi nasaidia," na mimi nilikuwa nikisema maneno ambayo mjane aliyekwenda Makka hapaswi kuyajua.

Mama Jibril aliporudi alisikia habari kabla hajafika mlangoni. Aliingia, akaniangalia, akasema, "Asante, Mama." Sikutaka asante yake. Nilitaka aniambie ameitupa wapi senti.

Jumamosi alikuwa na zamu ya mapumziko. Tukaenda kituo cha afya, kile cha serikali ambako unapanga foleni kabla ya kunawa uso. Nesi mmoja, mnene, mchovu, alimtazama mtoto vizuri kuliko wote. Alimvuta ngozi ya tumbo, akamtazama macho, akaandika. Kisha akauliza, "Sasa kuna kitu amemeza? Kifungo, betri, pesa? Watoto ya umri hii anaweka kila kitu mdomoni."

Mama Jibril alifungua mdomo ajibu. Nikamtangulia. "Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachozagaa chini. Mimi nafagia mara tatu kwa siku. Kwangu mtoto hamezi kitu."

Nilijibu kwa kiburi, na nesi akaandika hivyo hivyo: hakuna. Niliona kalamu ikiandika. Mama Jibril akanyamaza, kwa sababu yeye mchana hayupo, na mimi nilikuwa nimeshasema.

Mnafikiri senti haikunijia akilini? Ilinijia. Ilikuwa akilini siku zote hizo. Lakini ilinijia kama kosa la mtu mwingine. Nilikuwa nimeshamhukumu mkwe wangu, nimeshaiona senti ikizama kwenye mtaro, na kitu kilichokwisha kuzama mtaroni hakiwezi kuwa mahali pengine. Hasira zinafanya kazi hiyo. Zinakupa jibu mapema, halafu zinakaa juu yake.

Wakampa maji ya mshipa na dawa ya kuzuia kutapika, tukarudi. Jumapili akatapika.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama Jibril ameketi sakafuni na sare yake, mtoto mapajani, vikombe vitatu mbele yake. Saa kumi na mbili ilikuwa imeshapita.

"Wewe huendi kazi?" nikamuuliza.

"Mama, kaa kidogo uone." Alichukua kikombe cha kwanza, maziwa, akampa mtoto kwa kijiko. Mtoto akameza taratibu, akatulia. Akachukua cha pili, uji mwepesi uliochujwa. Ukapita. Akachukua cha tatu, kipande kidogo cha posho. Jibril akameza, akajikunja, akarudisha. "Siku tatu naangalia," akasema. "Maziwa inapita. Maji inapita. Kitu mkubwa inarudi, na inarudi mbio, haijafika tumboni. Haina hata harufu ya tumbo. Mama, hapa kwa geti kuna kitu. Iko imezuia."

Nilicheka kicheko kibaya. "Geti! Sasa wewe unafikiri mtoto ni nyumba ya Bugolobi?"

"Mimi sijui udaktari. Mimi najua geti."

"Mtoto huyu ana jicho," nikamwambia, na hapo nikashindwa kujizuia. "Ana jicho kwa sababu kuna mtu alimvua kinga yake akaitupa. Na huyo mtu anajijua."

Akaweka kijiko chini. Akauliza, "Kinga gani?"

Nami nikaona huo ndio uongo mkubwa niliowahi kuusikia. Damu ilinichemka. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia mama yake hakumfunza. Nilimwambia kama Abudu angekuwa hai asingethubutu. Alisimama katikati ya maneno yangu, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua simu na kadi ya kliniki, akatoka. Nikatoka nyuma yake nikiendelea kusema, bila viatu vya maana, na gurbaba yangu ya jikoni, kitambaa cha kujifunga. Tulipanda boda moja sisi watatu mpaka hospitali kubwa, na njia nzima nilikuwa nikimsemea mgongoni.

Pale hospitali alimwambia daktari maneno yale yale: maziwa inapita, chakula inarudi, naomba picha. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alisoma kadi, akaona palipoandikwa hakuna alichomeza, akasita. Mama Jibril akasema, "Dokta, hapo ni maneno ya watu. Naomba uangalie ndani." Sijui aliipata wapi sauti ile. Daktari akaandika picha.

Fundi wa picha aliitwa Okwir, bwana mrefu mwenye koti lililokosa vifungo. Walimlaza Jibril, mama yake akamshika mikono juu ya kichwa. Mimi niliambiwa nisimame nje ya mlango mzito. Baadaye kidogo Okwir akatuita kwenye kompyuta yake.

Niliziona mbavu za mjukuu wangu, nyembamba, zimepangana. Niliuona uti wa mgongo wake. Na juu, chini kidogo ya shingo, katikati kabisa, palikuwa na mviringo mweupe kuliko kila kitu. Katikati ya mviringo palikuwa na tundu.

Okwir akasogeza uso. "Sasa hii ni nini? Pesa siyo. Pesa ya siku hizi haina tundu. Ni kitu ya boda? Washa ya nati?"

Nilisikia feni ikizunguka. Nilikiona kidole changu mwenyewe kikishona, nikaona ule uzi ulioning'inia na kitambaa kilicholowa mate, nikamwona Jibril akivuta kola mdomoni kama alivyokuwa akifanya kila siku, kila siku mbele ya macho yangu, anatafuna kwa sababu meno yanamwasha, na mimi namwambia kula, kula sweta yako, mjukuu wangu. Nilimwambia hivyo. Nilikuwa nikicheka.

Mama Jibril alijua pia. Aliwahi kuishika mkononi, siku ile ya wembe. Akageuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Hasira ningejua la kuzifanyia.

"Ni senti," akamwambia Okwir. "Ya zamani. Ya babu yake."

Daktari aliitwa. Akaja, akaitazama picha, akavua miwani, na hasira zake zote akamtupia Mama Jibril. "Siku sita! Mtoto ana pesa kooni siku sita, na wewe umeandikisha hajameza kitu! Wewe ni mama wa aina gani? Unajua ingetoboa? Unajua watoto wanakufa na hii?"

Mama Jibril alisimama wima, mikono nyuma, macho chini. Ndivyo wanavyosimama getini wenye magari wanapowatukana. Alipokea kila neno. Nami, mimi Ruqaiya, niliyemfukuza Vera kwa ufagio, niliyegombana na msichana wa dawa, ambaye tangu kuzaliwa sijakosa la kusema, nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilimwacha atukanwe kwa ajili yangu. Katika yote niliyoyafanya wiki ile, hilo ndilo silisamehe.

Wakamchukua mtoto. Wangemlaza usingizi na kuingiza mrija wenye kamera na koleo ndogo. Tukasaini. Tukakaa kwenye benchi kwenye korido, mimi mwisho huu na yeye mwisho ule, na katikati yetu sweta ya kijani, kwa sababu walimvua nguo zake wakampa mama yake. Niliitazama ile kola. Nilitaka kuiuma.

"Nilidhani umeitupa," nikasema mwishowe.

"Mimi sikujua iko."

"Niliishona kwenye kola."

"Nimejua sasa."

Akainyoosha sweta juu ya goti, akakunja mikono ya sweta ndani, polepole. Nikamwambia, "Kwa nini hukumwambia daktari ni mimi? Alikutukana wewe."

"Mama, yule daktari alikuwa na kazi ya kutoa kitu," akasema. "Nikianza kuonyesha watu kwa kidole, anachelewa."

Ningependa anipige. Kweli kabisa, ningependa ainuke pale kwenye korido anipige kofi mbele ya wagonjwa, niweze kulia kwa sababu ya kofi. Alikaa kimya. Nilimkasirikia kwa kukaa kimya, halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia, na nikajikuta nahesabu tasbihi kwa vidole bila kujua nimefika wapi.

Walimaliza kabla ya adhuhuri. Mtoto mzima, koo limechubuka lakini halikutoboka. Daktari alitoka na kichupa cha plastiki, ndani yake senti, imekuwa nyeusi. Safari hii alizungumza polepole. Akasema ana bahati, maziwa yalikuwa yanapita pembeni na kwenye tundu, vinginevyo tungemleta amekauka. Akampa mama yake kichupa. Mama Jibril akaja nacho mpaka mbele yangu, akakiweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake.

"Yako hii, Mama."

Abubaker alipiga simu jioni hiyo. Mama Jibril aliongea naye kidogo, akasema mtoto anaendelea vizuri. "Mama yako atakuambia ilikuwa nini," akamwambia, akanipa simu, akatoka nje kuanua nguo. Nikamwambia mwanangu. Nilimwambia yote, kola, mate, kalamu ya nesi, na lile neno mnafiki. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia nitulie, na sauti yake haikuwa ya upole.

Kampuni ilimpa Mama Jibril siku tatu bila mshahara. Siku ya nne aliamka gizani kama kawaida, akavaa sare, akafunga buti. Usiku uliotangulia Jibril alikuwa amekula posho na maharage, sahani nzima, na hakuna kilichorudi. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na gurbaba yangu, nikimngoja aende. Kila siku huenda bila kugeuka. Siku hiyo alifika mlangoni, akageuka.

"Nenda, utachelewa," nikamwambia.

Akarudi mpaka mbele yangu. Midomo ilimcheza, lakini macho hayakucheza. "Mama, samahani," akasema. "Inua mikono."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi, ndani ya chumba changu, ambacho kodi yake mume wangu alianza kuilipa yeye hajazaliwa. Mimi, Hajati. Moto uliniwaka kuanzia miguuni. Nilikuwa na maneno, mwajua ninayo, yalikuwa yamekwisha kupanga foleni mdomoni. Nikamtazama. Hakuwa akinitania na hakuwa akinilipiza. Alikuwa anakwenda kukaa muda wa saa kumi na mbili mbali na mtoto wake, na alitaka kujua anamwacha na nini.

Nikainua mikono.

Alinipapasa mabegani, kwapani, kiunoni, kwa mikono myepesi, haraka, bila kuniaibisha, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kazi ile ina ufundi. Alifika kwenye pindo la gurbaba, akasimama kwenye fundo. Akalifungua. Senti ilikuwa humo. Dirishani, kando ya tasbihi, palikuwa na sindano iliyotiwa uzi. Siwaambii nilikuwa na nia gani, kwa sababu hata mimi sijui. Nilijiambia nitairudisha sandukuni. Lakini sanduku lipo hatua nne kutoka pale, na siku nne nzima nilikuwa sijazipiga.

Hakusema lolote juu ya sindano. Aliitia senti kwenye mfuko wa kifua wa sare yake, akafunga kifungo.

"Utapata jioni nikirudi," akasema.

Na jioni aliporudi, kabla ya kuvua buti, aliitoa akanirudishia. Asubuhi iliyofuata akaja tena mbele yangu. Hivyo ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Kila asubuhi nakasirika upya, na kila asubuhi nainua mikono. Jibril anadhani ni mchezo. Anasimama kando yangu na kuinua yake pia, kidevu juu, akingoja zamu yake. Mama yake anachuchumaa, anaishika ile kola ya kijani, anaipitisha kati ya vidole viwili kutoka ncha hii mpaka ncha ile, anaukagua mshono wote. Kisha ananiachia mtoto, anakwenda kazini.